Vienna, mji wa bibi wa reale ya Sham

Kabla ya rupia na kabla ya shilingi, wazee wetu wa mwambao walihesabu mali yao kwa reale. Palikuwa na reale ya mzinga, iliyotoka Uspania, na palikuwa na reale ya Sham, ile nzito ya fedha yenye sura ya mwanamke aliyejaa kifuani, ushungi umemwangukia nyuma ya kichwa. Biashara ya mwambao ilipita ndani ya reale hizo, na masonara waliziyeyusha wakafua vikuku na mikufu. Hata leo, mtu akifungua sanduku la nyanya yake, haikosi kuwa ataikuta moja, imetobolewa tundu na kutiwa kamba.

Msomaji, bibi yule hakuwa wa Sham. Jina lake ni Maria Theresa, na makao yake yalikuwa Vienna, mji mkuu wa Austria, katikati ya Ulaya. Alitawala tangu mwaka 1740 hata alipokufa mwaka 1780. Kufikia hapo fedha yake ilikuwa imependwa mno Arabuni, Uhabeshi na kandokando ya Bahari ya Sham, na wafanyabiashara wa huko hawakutaka kusikia habari ya sura nyingine. Basi waliobaki wakaendelea kuipiga kwa sura ileile na tarehe ileile. Karakana ya fedha ya Vienna yaipiga mpaka hivi leo, na mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780.

Nilikaa Vienna siku sita. Wengi wa watu wetu wakifika Ulaya huona viwanja vya ndege, maduka na ofisi, kisha hurudi nyumbani na masanduku mazito. Mimi niliazimia kuona majumba ya wafalme, makumbusho ya sanaa, na zile kumbi ambazo jina la mji huu limefungamana nazo katika muziki. Nilitaka pia kujua kama mtu wa kwetu, Mwislamu wa pwani, ana lolote la kumhusu mle ndani, au ataingia mgeni na kutoka mgeni.

Nilianza kwa kumzuru bibi mwenyewe. Kasri lake la Schönbrunn liko mbali kidogo na katikati ya mji, na treni ya chini ya ardhi hukushusha karibu na lango. Ni jumba refu la rangi ya manjano, lenye bustani zinazopanda hadi kilimani. Vyumba vyake ni 1,441. Wageni huonyeshwa kama arobaini tu, na hivyo arobaini vyatosha kuchosha miguu na macho. Bibi huyu alizaa watoto 16, na mmojawapo ni yule Marie Antoinette aliyeolewa na mfalme wa Ufaransa akaishia kukatwa kichwa mwaka 1793. Katika jumba hili, mwaka 1762, mtoto wa miaka sita aitwaye Mozart aliletwa na baba yake apige kinanda mbele ya bibi na jamaa zake.

Chumba kilichonishika hakikuwa cha vioo wala cha dhahabu. Kinaitwa Chumba cha Milioni, kwa sababu ya gharama yake. Kuta zake ni za mbao za thamani kutoka ng'ambo, na ndani ya mbao hizo mna fremu 60 zilizopindapinda kama majani. Nilipokaribia nikaona nyuso za watu wenye vilemba, farasi, bustani, mabinti wameketi juu ya mito. Ni michoro midogo ya Bara Hindi, ya zama za wafalme wa Kimughal, Waislamu waliojenga Taj Mahal. Mafundi wa kazi hii walichora kwa brashi nyembamba mno, na ukurasa mmoja ulikula siku nyingi. Ilipofika Vienna, kurasa hizo zilikatwa kwa makasi na kubandikwa upya, kichwa cha huku na farasi wa kule, ili zienee katika fremu. Waliofanya hivyo ni watu wa jamaa ya mfalme wenyewe. Hawakuwa na nia mbaya. Waliipenda michoro ile, na mapenzi yao ndiyo yaliyoikata. Nilisimama pale mpaka watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Najua wako watakaouliza: Mwislamu ana haja gani na picha za viumbe? Swali hilo wanachuoni wamelizungumza vya kutosha, nami siwezi kuingia mahali pao. Ninalosema ni kuwa wafalme Waislamu waliagiza michoro ile, na leo iko ukutani kwa watu wengine.

Kasri la pili ni Hofburg, lililo mjini penyewe. Hili si jumba moja bali ni mtaa mzima wa majumba, kila mfalme ameongeza lake. Ndani yake imo Hazina ya Wafalme, vyumba vya giza vyenye mwanga juu ya vitu tu: mataji, panga, misalaba. Watu walisongamana mbele ya taji. Mimi nilisogea pembeni, na hapo nilipigwa na butwaa, kwani mbele yangu lilikuwa joho lenye maandishi ya Kiarabu.

Ndiyo, joho, na si la kuigiza. Ni hariri nyekundu, nusu duara, upana wake wapita mita tatu, limetariziwa kwa uzi wa dhahabu na kuzungushiwa lulu. Katikati umesimama mtende. Kila upande wa mtende simba amempanda ngamia mgongoni na kumwangusha. Na kwenye ukingo wote wa chini yanapita maandishi ya Kufi, yaliyonyooka kama miti ya boriti, yakieleza kuwa vazi hili lilifanywa katika karakana ya mfalme, mji mkuu wa Sisilia, mwaka 528. Hiyo ni 528 ya Hijra, yaani 1133 au 1134 ya Miladi. Mfalme wa Sisilia wakati huo alikuwa Roger wa Pili, Mkristo, lakini karakana yake ya Palermo ilifuata desturi za Kiarabu, na kazi ilitiwa tarehe kwa hesabu ya Waislamu. Baadaye vazi hilo likaangukia mikononi mwa makaizari wa Ujerumani, likawa ndilo joho lao la kutawazwa. Kwa karne nyingi mtu aliyejiita mlinzi wa Ukristo wote wa Magharibi alikula kiapo chake na maandishi ya Kiarabu yakimzunguka miguuni. Mara ya mwisho hazina hizi zilipotumika kumtawaza mtu ilikuwa mwaka 1792, naye aliitwa Franz wa Pili, mjukuu wa bibi wetu wa reale. Jina hilo ulishike, msomaji, tutalirudia.

Si mbali na hapo, katika kasri hilohilo, Maktaba ya Taifa ya Austria ina makumbusho ya papirasi, yale mafunjo yaliyoandikiwa huko Misri kabla ya karatasi. Hazina yake ni kubwa mno, vipande vipatavyo 180,000. Mna humo stakabadhi moja ya kondoo. Usicheke. Imeandikwa kwa Kiyunani na Kiarabu, inaanza kwa Bismillahi, na yasema kuwa Abdallah bin Jabir amepokea kondoo 65 kwa ajili ya chakula cha jeshi. Tarehe yake ni Jumada ya Kwanza, mwaka 22. Huo ni mwaka 643, Seyyidna Umar bado yuko hai, Misri imefunguliwa juzijuzi tu. Ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiislamu yenye tarehe yaliyosalia duniani. Nakiri kuwa joho lile la dhahabu halikunigusa kama habari ya stakabadhi hii. Jeshi lililokuwa likishinda nchi nzima lilichukua kondoo za wenyeji na kuwaandikia stakabadhi, kwa lugha mbili.

Katika uwanja ulio mbele ya Hofburg yamesimama majumba mawili ya makumbusho yanayofanana kama pacha, na baina yao ameketi Maria Theresa wa shaba, mkubwa kama nyumba, tangu mwaka 1888. Upande mmoja ni viumbe na mawe, upande wa pili ni sanaa, lile liitwalo Kunsthistorisches, lililofunguliwa mwaka 1891. Mtu mwenye saa mbili tu aende moja kwa moja kwenye chumba cha Bruegel. Mchoraji huyu alikufa mwaka 1569, na picha zake 12 ziko hapa, nyingi kuliko mahali popote. Ipo moja ya harusi ya wakulima. Wanaume wawili wamebeba sahani za chakula juu ya mlango uliong'olewa, mmoja wa wapiga zumari anatazama chakula kwa uchu, mtoto amevaa kofia iliyomzidi, analamba kidole. Bibi harusi ametulia, macho yameinama, nyuma yake kitambaa kimetundikwa. Wataalamu hawajapatana bwana harusi ni yupi. Nilikaa bakoni mbele yake robo saa, na nusura nisikie mtu akiita pilau iongezwe.

Belvedere nitaipita kwa haraka. Ni kasri la Prince Eugene, jemadari aliyewapiga Waturuki huko Zenta mwaka 1697 na Belgrade mwaka 1717, na jumba lake la juu lilikamilika mwaka 1723. Siku hizi watu huendea picha moja tu, ya Klimt, mwanamume na mwanamke wamejifunika dhahabu, kazi ya mwaka 1908. Wengi niliowakuta waliipa mgongo ili wajipige picha kwa simu.

Ijumaa nilikwenda kusali. Msikiti mkubwa uko ng'ambo ya mto Danube. Ulifunguliwa mwaka 1979, una kuba na mnara wa mita 32. Austria iliitambua dini ya Kiislamu kwa sheria tangu mwaka 1912, baada ya kuitwaa Bosnia na watu wake. Na huu ndio mji uliozingirwa na jeshi la Sultani Suleiman mwaka 1529, na tena na jeshi la Kara Mustafa Pasha mwaka 1683, miezi miwili, hata mfalme wa Poland alipokuja kuuokoa. Mzee mmoja wa Kibosnia aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Mombasa, akanishika mkono asiuachilie mpaka tukafika kituo cha treni.

Usiku wake nilikuwa na tikiti ya Musikverein. Watu huogopa kumbi hizi wakidhani ni za matajiri. Viti ni ghali kweli, lakini nyuma kuna mahali pa kusimama, na bei yake haimshindi mwanafunzi. Ni hivyo hivyo katika jumba la opera, lile lililofunguliwa mwaka 1869, likapigwa mabomu Machi 1945, likafunguliwa tena mwaka 1955. Wanaosimama hufunga shali zao kwenye vyuma kuwekea nafasi, na hakuna anayethubutu kuifungua ya mwenziwe.

Ukumbi wa Dhahabu wa Musikverein ulizinduliwa mwaka 1870. Umbo lake ni la sanduku: urefu kama mita 49, upana 19. Sakafu ina uwazi chini yake, dari imening'inizwa kutoka juu, na mbao za mle ndani huitika. Mpenzi wa taarab atanielewa nikisema kuwa umo ndani ya tumbo la udi, nyuzi ziko mbele yako. Fidla ikiguswa kwa upole kabisa, utaisikia ukiwa ukutani nyuma.

Walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, iliyosikika kwa mara ya kwanza mjini humu mwaka 1824. Katika sehemu ya mwisho, baada ya kishindo kikubwa, muziki hunyamaza. Kisha kwa mbali ngoma kubwa inaanza kugonga, matoazi yanafuata, na kichuma cha pembe tatu chalia juu yake. Hiyo ni bendi ya Waturuki. Askari wa Sultani walikwenda vitani na ngoma, zumari na matoazi, na watu wa Ulaya, baada ya hofu kuwatoka, waliipenda sauti ile wakaitia majeshini mwao, kisha katika muziki wa kumbini. Ndipo bendi za kijeshi za Wazungu zikaja mwambao wetu, na vijana wa Lamu na Mombasa wakazigeuza kuwa beni. Ngoma kubwa ya beni ilipita mbali sana kabla ya kufika mitaani kwetu.

Mozart ndiye aliyeitumia sauti hiyo kwa ufundi zaidi. Julai 1782, hapa Vienna, ilionyeshwa opera yake ya mabinti wa Kizungu waliozuiwa katika nyumba ya Pasha wa Kituruki. Mwisho wa hadithi wafungwa hujaribu kutoroka, wanakamatwa, na Pasha anagundua kuwa mmoja wao ni mwana wa adui aliyemdhulumu. Anaweza kumuua. Anamsamehe na kumwachilia, ili asifanane na baba yake. Watu wa Vienna walimpigia makofi Mwislamu yule wa jukwaani, na opera hiyo inapigwa hadi leo.

Sasa turudi kwa Franz wa Pili.

Wakati ule wa Mozart aliishi Vienna mtu mweusi aitwaye Angelo Soliman. Soliman ndilo Suleiman. Alizaliwa Afrika yapata mwaka 1721, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa mpaka Sisilia, na mwaka 1734 akatolewa kama zawadi kwa jemadari wa kikabaila. Baadaye alikuwa katika nyumba ya Prince wa Liechtenstein. Alisoma, akazijua lugha kadhaa za Ulaya, akawa mlezi na mwalimu wa watoto wa wakubwa. Mwaka 1768 alimwoa mwanamke wa Vienna, wakapata binti, Josephine. Alikuwa mwanachama wa jumuiya ya siri ya wasomi, ambamo Haydn aliingia na Mozart alizuru. Kuna picha yake ya nakshi akiwa amevaa kilemba, nyuma yake minazi na piramidi. Anatazama pembeni kama mtu anayesikiliza jambo na kulipima.

Alikufa Novemba 1796. Kwa ridhaa ya Kaizari Franz wa Pili, yule aliyetawazwa miaka minne kabla, mwili wake ulichukuliwa. Ngozi ilichunwa ikavishwa umbo la mti. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa nguo za heshima alivikwa taji na mkanda wa manyoya, shingoni ushanga wa makombe, akasimamishwa katika nyumba ya hazina za viumbe ya Kaizari miongoni mwa wanyama waliojazwa majani. Wageni walipanda ngazi kumtazama. Waafrika wengine watatu waliongezwa baadaye, mmojawapo mtoto wa kike.

Josephine aliandika kuomba arudishiwe ngozi ya baba yake aizike pamoja na kilichobaki. Askofu mkuu wa Vienna alimuunga mkono. Hawakupewa. Sisi tunaoharakisha maiti kaburini, tunaomwosha kwa upole kana kwamba angali asikia, hatuhitaji kuelezwa binti yule alilala vipi usiku. Soliman alibaki pale mpaka mwaka 1848, wakati wa mapinduzi, jengo lilipopigwa mizinga likashika moto. Moto huo ndio uliomstiri.

Viumbe vya Kaizari siku hizi viko katika lile jumba pacha, mkabala na sanaa. Niliingia. Mifupa ya mijusi mikubwa, mawe, vipepeo, vyote vimepangwa vizuri mno, na watoto wa shule wamejaa tele. Mwaka 2011 makumbusho ya mji yalifanya maonyesho kamili juu ya maisha ya Soliman, na vitabu vimeandikwa. Habari yake haifichwi. Lakini mgeni anayetoka kwenye joho la Palermo kwenda kwenye picha za Bruegel hatapita mbele yake isipokuwa aulizie.

Mahali pale palipokuwa hapo zamani ni upande wa uwanja uitwao Josefsplatz, ndani ya Hofburg. Ni uwanja mzuri, una sanamu ya kaizari juu ya farasi katikati, na maktaba ya zamani nyuma yake. Nilipofika, kundi la watalii lilikuwa likingoja kuona farasi weupe wa mfalme wakipita kwenda zizini. Nilimuuliza mwongozaji wao jengo la viumbe lilikuwa upande gani. Alinitazama kidogo, akaelewa ninamuulizia nani, akanielekeza kwa mkono. Kisha akaligeukia kundi lake, na kwa Kijerumani, pole pole, akaanza kuwaeleza. Farasi walipita. Wawili watatu tu ndio waliogeuka kuwatazama.